Mstari Kati ya Hamsini na Mia

Nsimire mwanangu,

Habari za koti zito, dawa ya mafua na kupiga simu ukifika, mama yako anakupa huko Namur wakati mimi naandika hapa. Yeye ana kipaji cha mambo hayo. Mimi mara ya mwisho kukufungia sanduku ulikuwa na miaka kumi na mmoja, unakwenda baharini na shule, nikakuwekea vitabu viwili na soksi za mguu mmoja. Kwa hiyo leo sikufundishi kitu juu ya mizigo, isipokuwa jambo moja. Lile boksi la kadibodi uliloliweka karibu na mlango, ukaliandika "Papa", usilibebe. Halina kitu ndani. Nitakueleza nilikoyapeleka madaftari yangu yaliyokuwamo, lakini kwanza nikueleze kwa nini.

Ni Jumapili, saa tisa alasiri. Utarudi jioni, na kesho saa moja na nusu asubuhi utakuwa kituo cha Gare du Midi unangoja treni ya Cologne, kisha nyingine, kisha nyingine, mpaka Copenhagen, ambako wamekubali ufanye udaktari wa fizikia. Hapa mtaani Molenbeek jirani wa chini anakaanga vitunguu na ngazi zote zinanukia. Nimekaa mezani jikoni, kwenye kiti chako, maana kwenye kiti changu nimezoea kuandika uongo. Na nakuandikia kwa kile Kiswahili cha shule ya mapadri, ambacho wewe husema kinanifanya nionekane nasoma habari redioni. Nivumilie. Kwa Kifaransa najua kujificha, na kwa mdomo nitaleta mzaha, utacheka, na jambo litapita kama yalivyopita mengine.

Alhamisi nilirudi mapema kutoka kazini. Ulikuwa hapa jikoni, umegeuzia mlango mgongo, unaongea na mama yako kwa simu. Nilisimama kwenye korido na viatu mkononi kama mwizi. Ulisema: "Maman, ni mimi nilikosa. Ile calcul ya Papa, ile hesabu, nilijuaka iko mubaya mbele aende kuonyesha bapatron. Niliandika pembeni, kisha nikafuta. Kama ningesema, kazi yako haingepotea, na wewe haungeenda." Mama yako alisema kitu kirefu ambacho sikukisikia, nawe ukamjibu: "Non, Maman. Njo maana nabeba ile ma-cahier yote. Lazima muntu amalize." Nilishuka ngazi polepole, nikatembea kando ya mfereji mpaka miguu ikauma. Nilipopanda tena nilichezesha funguo kwa kelele ili usikie nimefika.

Basi nimejua unachokibeba zaidi ya hayo madaftari. Kwa miaka tisa umeamini kwamba ulivunja nyumba yetu kwa kunyamaza jioni moja. Lakini unajua nusu tu ya habari. Nusu ya pili ninayo mimi, nimeikalia muda wote huo, na siwezi kukuacha upande treni ukiwa hujaipata.

Itabidi nianze mbali kidogo. Huyu baba unayemwona anavaa kanzu ya buluu ya nyumba ya wazee alikuwa msaidizi wa mwalimu wa fizikia kule Bukavu. Hiyo unaijua, nimeisema mara nyingi mno, hata kwa wakaguzi wa tiketi. Usichojua ni nilichokipenda katika fizikia. Jioni nilikuwa nasimama mtaa wa Nguba nikitazama ziwa. Kutoka pale ziwa ni kitu kimoja kimetulia. Ukilichota mkononi na kulitazama kwa macho ya fizikia, ni chembe zisizohesabika zinagongana kama watu sokoni. Swali langu lilikuwa: ukitoka kwenye kidogo kwenda kwenye kikubwa, ngazi kwa ngazi, ni kipi kinachobaki vilevile? Watu wakubwa wametumia maisha yao kwenye swali hilo na wamelijibu vizuri kwa maji, kwa sumaku, kwa vitu vingi. Mimi nililibeba kichwani wakati tunakimbia, maana halikuwa na uzito, na wewe ulikuwa mgongoni mwa mama yako.

Hapa vyeti vyangu havikutambuliwa. Asubuhi nilisafisha ofisi kwenye kampuni ya usafi, mchana nilikwenda Etterbeek kuwalisha na kuwaosha wazee. Huko ndiko nilikompata Monsieur Salomon, mwalimu mstaafu wa watoto wa Kiyahudi, ambaye macho yalikuwa yanamzimikia. Alinifundisha herufi za Kiebrania kwa sababu alihitaji macho ya kukodi, si kwa sababu aliniona mwerevu. Kila siku baada ya supu nilimsomea Torati herufi kwa herufi, kwa lafudhi ya Bukavu, naye alinikosoa mdomo ukiwa umejaa. Siku moja tulifika pale ambapo Musa anakaa kuanzia asubuhi mpaka jioni akiwaamulia watu kesi zao, na baba mkwe wake Yethro anamwambia utachoka bure, weka wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Kesho yake asubuhi, nikipiga deki ofisi ya mkurugenzi wa kampuni yetu, nikaona ukutani mchoro wa vibokisi: mkubwa juu, chini yake wakubwa wa idara, chini yao wasimamizi, chini yao vikosi vya watu kumi kumi. Nilisimama na fagio la deki. Ziwa, Torati na ule mchoro vilikuwa vinauliza jambo moja. Neno likitoka juu likapita ngazi hizi zote, ni kipi kinafika chini kikiwa vilevile?

Usicheke. Au cheka, una haki. Lakini nataka ujue kwamba ile ilikuwa furaha ya kweli. Sijapata nyingine ya namna ile hapa Ulaya, isipokuwa siku ulipoanza kusoma.

Hicho kisichobadilika nilikihitajia alama katika hesabu. Ningeweza kutumia herufi yoyote. Mimi, kwa majivuno ya mtu aliyejifunza alfabeti juzi, nikachukua Jina la Mungu, zile herufi nne ambazo Wayahudi wanaziandika na hawazitamki, nikazitia kwenye milinganyo kama mwingine anavyotia x. Nilipomwonyesha Monsieur Salomon, kijiko kilimwanguka. Aliniuliza nimeliandika mara ngapi. Nikamwambia karibu kila ukurasa. Akaniambia, kwa sauti ya kumhurumia mgonjwa, kwamba Jina likishaandikwa halifutwi, na karatasi iliyolibeba haitupwi. Ikichakaa inazikwa makaburini kama mtu. "Sasa utaishi nayo," aliniambia. Nilidhani anatania.

Niliishi nayo. Na ninyi mliishi nayo. Unakumbuka soko la Jumapili pale Midi, ulipokuwa na miaka minane? Wazo lilinijia mbele ya muuza zeituni, nikaomba karatasi ya kufungia, nikainama kuandika. Nilipoinuka hukuwapo. Tulikutafuta karibu saa nzima. Tulikukuta kwa mama mmoja Mmoroko muuza nanaa, umekaa juu ya kreti unakula mkate wake, na alipokuuliza baba yako yuko wapi ulimjibu bila kulia: "Papa anamalizaka mustari." Yule mama alinirudishia hiyo kauli yako huku akinitazama juu hadi chini. Nilicheka kwa aibu. Ningepaswa kuacha kuandika siku ile, lakini jioni ile ile niliunakili mstari wa kwenye karatasi ya zeituni.

Sasa tufike kwenye mwaka wenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na saba, nami hamsini na mbili. Daftari la tisa lilikuwa limekamilika na nilikuwa na jawabu. Hesabu ilionyesha kwamba neno halipotezi kitu likitoka kwa mkuu wa hamsini kwenda kwa mkuu wa mia, wala likishuka kurudi. Maana yake kwa kampuni ilikuwa rahisi: ngazi ya hamsini haina kazi, inaweza kuondolewa na hakuna kitakachoharibika. Mama yako ndiye aliyenipatia miadi na wakurugenzi. Alikuwa amepanda kwenye kampuni ileile ya usafi, unakumbuka, alikuwa chef d'équipe, msimamizi wa vikosi vitano vya wanawake. Alimsimamisha mkurugenzi kwenye ngazi akamwambia: "Bwana yangu iko na akili ya kupita hii kazi. Mumusikilize tu mara moja." Yule mkurugenzi alikubali, nadhani kwa sababu mama yako hakuwahi kumwomba kitu.

Mama yako alikuwa na vikosi vitano vya watu kumi. Hesabu mwenyewe ni wangapi. Mimi niliandika hamsini kwa tarakimu miaka kumi na mmoja, nikiwa nalala kitanda kimoja na mkuu wa hamsini, na sikuwahi kumwona kwenye daftari langu.

Jioni kabla ya siku ile niliimba nikioga. Ulikuwa mezani na daftari la tisa, nilikuwa nimekupa usome, nikajisifu kwamba binti yangu ndiye mhakiki wangu. Nilipotoka bafuni ulilifunga ukasema, "Iko muzuri, Papa." Kifutio kilikuwa mkononi mwako. Nilikibusu kichwa chako nikaenda kulala.

Sasa ndiyo ile nusu yangu.

Asubuhi nilifungua daftari dirishani ili ninakili ule mstari kwenye karatasi safi. Jua lilikuwa linaingia kwa ubavu. Kifutio kinaondoa rangi ya penseli lakini hakiondoi mkono uliokandamiza, na wewe tangu utoto unaandika kama unachonga. Nikasoma pembeni ya mstari wa kati ya hamsini na mia: "Papa, hapa umeshaweka jibu ndani ya swali."

Niliyaona, Nsimire. Niliyaona kabla ya kwenda, na niliyaelewa palepale. Nilitaka kuthibitisha kwamba neno halipotei, na kwenye hatua ile moja nilikuwa nimehesabu kama mtu ambaye tayari ana hakika halipotei. Miaka kumi na mmoja nilizunguka nyumba nikitafuta mlango niliouchora mwenyewe ukutani. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeliona kosa lile. Wewe uliliona ukiwa bado sekondari, kwa jioni moja, huku unanisikiliza naimba.

Nilikuwa na saa moja na nusu. Ningeweza kumpigia mkurugenzi nikasema naumwa. Ningeweza kuukata ule mstari kwa kalamu. Nilishika kalamu, na unajua nilijiambia nini? Nilijiambia kwamba Jina limo kwenye ule mstari, na Jina halifutwi. Mimi Mkristo wa Bukavu, ambaye nilikuwa nimelitumia Jina lile kama alama ya hesabu bila haya, ghafla nikawa mcha Mungu kuliko rabi. Nilijificha nyuma ya dini ya watu wengine. Kisha nikavaa koti ambalo mama yako alikuwa amelipiga pasi, akanitengeneza ukosi mlangoni, tukashuka naye mpaka metro.

Walinisikiliza dakika ishirini. Walikuwa na adabu. Habari za ziwa hazikuwagusa, habari za Yethro ziliwafanya watabasamu, lakini ukurasa wa mwisho mmoja wao aliuomba abaki nao. Baada ya miezi mitatu zikaja barua. Wasimamizi wote wa ngazi ile waliondolewa, mama yako na wenzake wanane. Huenda wangewaondoa hata bila mimi, wakubwa wa kampuni hawakosi sababu. Nimejaribu mara nyingi kujifariji na wazo hilo, nimeshindwa. Katika utafiti wangu wote ni kitu kimoja tu kilichowahi kutumika duniani, nacho ni kile kilichokuwa na kosa.

Na si kwamba kosa lilikuwa la hesabu peke yake. Neno kutoka juu lilikuwa linafika zima kwa wale wanawake kwa sababu mama yako alikuwa katikati analiokota. Agizo lilikuja kwa Kifaransa cha ofisini, yeye akaligeuza Kiswahili kwa huyu, Lingala kwa yule, na kwa yule Mreno akamwonyesha kwa mikono. Alijua nani ana mtoto mgonjwa, nani asipewe ghorofa ya juu kwa sababu ya magoti. Usiku alinisimulia haya yote, nami niliitikia mmh, huku nafikiria ni wapi neno linapotelea.

Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alirudi kupiga deki kwenye kampuni nyingine, na baada ya miaka miwili akafunga vitu vyake kwenda kwa dada yake Namur. Siku ile aliniuliza jambo moja tu, amesimama hapo mlangoni na begi: "Papa Nsimire, ile chapitre yako, uliisomaka muzima? Yethro alikuja na nani?" Nikamwambia alikuja kumshauri Musa. "Non," akasema, "alimuletea bibi yake na batoto babili. Musa akatoka inje, akamubusu beau-père, bakaingia mu hema. Bibi na batoto, nani alibasalimia?" Akashuka ngazi na begi lake. Nilifungua Torati baada ya mlango kufungwa, na ndivyo ilivyo. Mke na watoto wamefika, wametajwa majina, halafu wanaume wawili wanaingia hemani kuzungumza utawala. Nilikuwa nimeupita mstari ule mara zisizo na idadi nikikimbilia kwenye namba.

Wewe ulibaki nami. Ulisema ni kwa sababu chuo kiko karibu. Nami niliendelea kukaa mezani na madaftari, la kumi, la kumi na moja, mpaka la kumi na nne. Hapo ndipo sijui kama utanisamehe. Nilikuwa najua hakuna kitu. Niliandika kwa sababu ningeacha ungeniuliza kwa nini, na ningelazimika kusema nilichokiona dirishani. Na wewe ulikuwa unaniletea chai na kuniuliza imefika wapi, kwa sababu ungeacha kuuliza ningeshuku kwamba unajua. Miaka tisa tumekaa kwenye meza hii kila mtu anamchungia mwenzake mbuzi aliyekwisha kufa.

Na nyingine. Ulipokuwa na miaka ishirini na miwili uliniambia wale wa chuo cha Uswisi wamekukataa. Barua yao niliiona kwenye droo ya vijiko, chini ya karatasi za dhamana ya friji. Walikuwa wamekukubali. Ulikataa wewe, kwa ajili yangu. Nilirudisha ile barua mahali pake, na, mwanangu, nilifurahi. Nimetafuta neno zuri zaidi na hakuna. Nilifurahi kwamba jioni nitakusikia ukifungua mlango.

Kwa hiyo usiniambie habari ya kosa lako. Ulikuwa mtoto, ulimwona baba yako akiimba kwa mara ya kwanza tangu tuje nchi hii, ukashindwa kumkatiza. Hilo ni jambo ambalo lingemshinda mtu yeyote mwenye moyo. Na hata hivyo hukushindwa, maana uliandika. Neno lako lilifika. Lilifika zima, bila kupotea hata herufi, kwa mtu aliyepaswa kulisikia, naye akavaa koti akaenda. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuachia methali ya asiyesikia la mtoto, lakini mimi hapa nimevunjika na hakuna wa kunifunga.

Madaftari, basi. Wiki hii nilijiuliza nitayafanyaje. Kuyatupa kwenye ile mifuko ya njano ya taka za karatasi siwezi, Monsieur Salomon angefufuka. Kukuachia uyabebe ili "umalize" ndilo lililonitisha zaidi. Najua ungefanya hivyo. Ungekaa Copenhagen, kwenye dirisha la watu wenye akili zao, ukitafuta namna ya kumfanya baba yako awe hakukosea, na hesabu haina namna hiyo. Ungeweza kupoteza miaka ishirini kama mimi, tena wewe kwa upendo, ambao ni mgumu kuuacha kuliko majivuno.

Leo asubuhi ulipoondoka nililibeba boksi mpaka kwenye sinagogi moja. Mlinzi wa mlangoni aliniuliza maswali mengi kupitia kile kispika, kisha akatoka akalitazama boksi muda mrefu. Sikumlaumu, nyakati zenyewe ndizo hizi. Alimwita mtunzaji, mzee mfupi mwenye sweta. Nikamweleza. Alifungua daftari moja, akapitisha kidole chini ya mistari, akauliza: "Nani ameandika hivi?" Nikasema mimi. "Wewe si Myahudi." Nikasema hapana. "Ni hesabu ya nini?" Nikamwambia ilikuwa ya kuonyesha kwamba hakuna kinachopotea. Alinitazama, akafunga daftari. Hakucheka. Alisema Jina ni Jina, haijalishi mkono, akanishusha kwenye chumba cha chini, tukayapanga pamoja ndani ya kasha la mbao, juu ya vitabu vya sala vilivyotoka majalada. Kasha likijaa watalizika. Aliniuliza kama ningependa kuarifiwa siku hiyo. Nikasema si lazima.

Nimerudi kwa miguu na boksi tupu, nikaliweka tena pale karibu na mlango. Nilidhani nitajisikia mwepesi, watu husema hivyo. Sikujisikia hivyo. Nilijisikia mtu mwenye miaka sitini na mmoja ambaye amezika kazi yake mbele ya mgeni, na ambaye hana nyingine.

Sitaki ufikiri barua hii inarekebisha kitu. Mama yako hatarudi. Nilimwomba wakati wa Pasaka, akanikatalia kwa upole, na upole wake ulinionyesha kwamba amemaliza. Chumba cha Monsieur Salomon sasa kina bibi mmoja anayeniita jina la mtu nisiyemjua, nami naitika. Sitaanza utafiti mwingine. Kesho nikikusindikiza nitapitiliza moja kwa moja Etterbeek, kuna wazee kumi wa kuoshwa, kumi kamili, Yethro angefurahi. Jioni nitarudi hapa na hakutakuwa na mtu. Hayo si mambo ya kukutia huruma, ndivyo yatakavyokuwa, na ningependa usiyapambe wala usije kuyaokoa. Ukija, njoo kwa sababu una likizo.

Ushauri sina. Mtu aliyepotea haulizwi njia, ingawa anaweza kukuambia ni ipi haifiki. Huko uendako utakutana na watu wanaoimba bafuni kwa sababu ya kosa. Huenda mmoja wao atakuwa profesa wako, huenda atakuwa mtu unayempenda. Huenda siku moja utakuwa wewe, na mtu mdogo ataandika kitu pembeni kwa penseli. Mimi sijui utafanya nini. Najua tu nilichofanya mimi, na sasa na wewe unajua.

Si madaftari yote yaliyokwenda. Kabla ya kulifunga boksi nilichana ukurasa mmoja kutoka lile la tisa, na nimeukunja ndani ya barua hii. Una Jina juu yake mara tatu, kwa hiyo siku ukichoka nao usiutupe. Hata Copenhagen wapo watakaojua pa kuuzika. Uinue kwenye mwanga wa dirisha la treni, kwa ubavu, nawe utayaona maneno yako bado yapo. Chini yake, kwa kalamu ya wino, nimeandika leo kile ambacho nilipaswa kukuandikia asubuhi ile, kabla ya kuvaa koti:

"Umesema kweli, mwanangu. Siendi."

Wewe nenda.

Papa